Ng'ombe Aliyesimama Nyuma

Mimi sitoi picha mbovu. Nianze na hilo, maana ndilo lililotufikisha hapa. Studio yangu iko Mikumi, kandokando ya barabara kuu, chumba kimoja kati ya duka la vipuri na mama mmoja anayekaanga chipsi. Malori ya Zambia yakipita, vioo vya dirisha vinatetemeka. Harusi, kipaimara, mahafali ya kidato cha nne, vyote nimepiga. Kilosa mjini wana wapiga picha wao, siwasemi. Lakini mtu akitaka video ya kuweka mtandaoni, mjomba aliyeko Dar aitazame kwenye televisheni ya ukutani bila picha kugeuka uji, anapanda gari anakuja kwa Magdalena. Najisifu, ndiyo. Wa kukereka akereke.

Wengi hawaijui kazi hii. Wanadhani ukishapiga video unaisukuma tu mtandaoni kama unavyotuma salamu za Idi. Faili linalotoka kwenye kamera ni zito mno, lazima uliminye, na hapo ndipo watu wanapoharibu. Kila sekunde ya video unaipa kiasi chake cha data. Ukibana sana, majani yanageuka matope na nyuso zinakuwa vipande vya mraba. Ukiachia sana, mtazamaji wa kijijini anabaki anaangalia kiduara kinazunguka huku bando linakwisha. Mimi huiachia kompyuta ipitie video nzima mara mbili. Mara ya kwanza inasoma tu, inaona wapi pana mambo mengi ya kuchora na wapi pametulia. Mara ya pili ndipo inaandika, inapunguza penye utulivu na kuongeza penye kazi. Inachukua saa nyingi na kompyuta inapata joto mpaka naiwekea feni, lakini ikitoka imetoka.

Mwezi wa nane alikuja Oswald. Ni katibu wa chama kidogo cha kupatanisha wakulima na wafugaji, Umoja wa Jembe na Fimbo, kijana mpole, shati limechomekewa hata siku ya joto la kuua mtu. Alikaa kwenye benchi langu la wateja, akangoja mteja wa picha za pasipoti atoke, ndipo akasema.

"Dada Magda, nina kazi ya mtu mmoja kuongea dakika kumi na moja. Ila mtu mwenyewe asionekane."

"Asionekane na nani?"

"Na Doto," akasema, na akageuka kuangalia mlango.

Jina la Doto nililijua, sura yake sikuwahi kuiona. Alikuwa dalali wa mifugo upande wa Kimamba, mtu wa minadani. Watu walinong'ona kwamba alfajiri vijana wake hufungua mazizi ya watu na kuingiza ng'ombe kwenye mpunga. Mkulima akiamka anakuta shamba limelala chini, anashika panga. Mfugaji anaamka anakuta ng'ombe wake wamekamatwa, anashika rungu. Ikifika saa nne asubuhi Doto anatokea kusuluhisha, na kila upande unamshukuru na kumpa chake. Anakula kotekote. Polisi waliwahi kulifuatilia jambo hilo, likakwama kwa sababu hapakuwa na mtu wa kusimama na kusema nimeona.

Mmoja alitaka. Mkulima wa Zombo, Damiano, alimpigia Oswald simu siku ya Ijumaa akamwambia ameona kitu kwa macho yake, Jumatatu atakuja ofisini. Jumapili alikutwa amelala kifudifudi kwenye mfereji wa shamba la zamani la mkonge. Ikasemwa aliteleza. Maji ya mfereji ule yanafika magotini.

"Sasa amepatikana mwingine," Oswald akasema. "Mama wa Kimasai. Alikuwa anapeleka maziwa alfajiri, akawaona vijana wa Doto wanatoa ng'ombe wa jirani yake zizini, na Doto mwenyewe kasimama na tochi. Atasema yote. Wakubwa wa Dodoma na waandishi wa Dar wataangalia, kwa hiyo iwe safi. Ile ya kwanza tuliyotengenezesha mjini ilikuwa kama imepigwa kupitia chandarua, hakuna aliyevumilia dakika mbili. Ila akijulikana, Dada Magda, tumemuua."

Nilimwambia aniachie mimi. Ndivyo nilivyosema, kwa sauti ya mtu anayejua anachokifanya.

Mama yule aliitwa Seleina. Alikuwa mjane wa miaka arobaini na kitu, mrefu, shanga nyeupe na bluu shingoni, anaishi kwenye boma dogo tambarare ya Zombo na binti yake Nasieku, aliyemaliza chuo Morogoro akarudi nyumbani kusubiri ajira. Hakutaka kuja mjini, maana angeulizwa alikwenda wapi. Tukamfuata sisi, asubuhi baada ya kukamua, mimi na Oswald kwenye pikipiki moja, kamera imefungwa ndani ya gunia la mahindi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Karibu. Kaa kivulini, jua hili litakupasua."

Nilichagua mahali kwa makini. Niliepuka nyumba, kwa sababu nyumba hujulikana. Niliepuka vilima, kwa sababu mtu wa Zombo akiona mgongo wa kilima anajua umesimama wapi. Niliepuka mti uliopinda. Nikamkalisha kwenye kigoda mbele ya uzio wa miba unaofanana na uzio wowote wa tambarare yote ile. Nyuma yake, hatua kama kumi, alikuwa amesimama ng'ombe jike mmoja na ndama wake, anacheua. Nikafurahi kumpata. Picha ya mtu na uzio mtupu ni kavu, inataka kitu chenye uhai nyuma. Kwetu Vidunda, mlimani, ng'ombe tunamjua kwa nyama ya Krismasi. Nilimwona huyo nikaona ng'ombe.

Kabla sijawasha kamera Seleina aliniuliza, "Huku nyuma yangu kunaonekana nini?"

"Hakuna kitu, mama. Uzio, na ng'ombe kwa mbali."

Akatikisa kichwa kukubali. Alikuwa ameamua kuniamini, na mtu aliyeamua hivyo haulizi mara mbili.

Aliongea dakika kumi na moja bila kutetereka. Alipotaja jina la Doto, Oswald alikunja mikono kifuani kama mtu aliyepigwa na baridi.

Studioni nilifanya kazi siku nne. Uso wa Seleina niliufunika kwa ukungu mzito, unaomfuata kila anapogeuza kichwa, nikaukagua fremu moja moja. Shanga nazo nikazifunika. Sauti yake niliishusha mpaka ikawa kama ya mwanamume mwenye mafua, na jina la Doto nikalizima, kwa sababu Oswald alisema wakubwa watapewa jina kwa barua. Mikono yake niliifunika pia, kwa sababu ya bangili. Niliona nimemaliza kila kitu kinachomfanya mtu awe yeye.

Kisha nikaliminya faili, mara mbili kama kawaida yangu. Na hapa nieleze jambo ambalo siku hizo nililiona zuri. Ukungu hautaki data. Ni rangi zilizochanganyika tu, hakuna mistari, hakuna unywele, kompyuta inaumaliza kwa kidogo sana. Sasa Seleina nimemfunika karibu wote, kwa hiyo kompyuta ilibakiwa na data nyingi ya kila sekunde, ikatafuta pa kuitumia, ikaona nyuma kuna ngozi yenye mabaka, manyoya, nzi, masikio yanayopepea. Ikampa ng'ombe yote. Nilipoitazama nilipiga kofi. Mama wa mbele ukungu mtupu, na nyuma yake mnyama unaweza kumhesabu kope. Niliona ni ufundi.

Kabla ya kuifungua kwa watu nilimtumia Nasieku waikague, yeye na mama yake. Nilijua kule kwao mtandao ni wa kuvizia na bando ni la kuhesabu, kwa hiyo nilimtengenezea toleo dogo kabisa la wasapu. Ni adabu ya kawaida huku kwetu. Humtumii mtu wa Zombo faili la jiji. Baada ya saa moja akajibu kwa sauti: "Dada Magda, shikamoo. Tumeangalia wote wawili. Mama anasema hata yeye hajijui. Weka tu."

Nikaweka.

Wiki ya kwanza ilikuwa ya sifa. Oswald alinipigia kila asubuhi kunisomea maoni. Waandishi walikuwa wameomba mahojiano. Mtu wa Dodoma alikuwa ameitazama ofisini kwenye skrini ya mkutanoni. Mtu mmoja aliandika kwamba hajawahi kuona video ya kijijini yenye picha safi hivyo, nami nikaisoma mara tatu, halafu nikaenda kununua chipsi kwa jirani nikamsomea na yeye.

Siku ya nane, saa tisa alasiri, aliingia mzee mmoja. Kofia ya pama, shati la mikono mirefu limepigwa pasi, viatu vinang'aa kwenye vumbi lile, na mkononi fimbo nyembamba. Alivua kofia mlangoni.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye Magdalena?"

"Ndiye mimi. Karibu, kaa."

Akakaa, akaangalia picha zangu za harusi ukutani moja baada ya nyingine, bila haraka. "Nilikuwa Dar kwa mtoto wangu," akasema. "Ana televisheni kubwa. Akanionyesha ile video ya watu wa Jembe na Fimbo. Nikamwambia, hii haikutengenezwa Dar, hii ni ya kwetu, lakini kwetu nani anaweza kutoa kitu kama hiki? Nikaulizauliza. Wote wakasema jina moja."

Jina la studio sikuliweka kwenye video ile, kwa tahadhari. Ningepaswa kushtuka. Badala yake nilicheka mpaka meno ya mwisho yakaonekana. Sifa zikinifika kichwani huwa sisikii kingine.

"Nashukuru, mzee. Tunajitahidi."

"Nina ombi dogo. Yule mtu anayeongea simhitaji. Nimempenda yule ng'ombe. Mimi ni mtu wa mifugo, nikiona jike zuri silali. Unaweza kunitolea picha yake kwenye karatasi?"

"Hilo tu? Naweza kukutolea kuliko ulivyomwona."

Na nikafanya. Sikufungua hata toleo la mtandaoni. Nilifungua faili mama lenyewe, lililotoka kwenye kamera, ambalo halijaminywa hata kidogo. Nikamtafutia fremu ambayo ng'ombe amegeuza kichwa vizuri. Nikaongeza mwanga kidogo. Mzee alisogeza kiti karibu yangu. Alinukia sabuni.

"Sikio hilo la kushoto," akasema. "Kwa mtoto wangu lilikuwa linapepea, sikuliona vizuri. Likuze."

Nikalikuza.

"Bado kidogo."

Nikalikuza tena, mpaka likajaa kwenye skrini, na mishipa yake.

"Ile ni mikato mingapi? Macho yangu yamechoka."

"Miwili, mzee. Na kitundu hapa chini." Nilimwonyesha kwa kidole. Mimi mwenyewe nilimhesabia. "Kwani sikio linakusaidia nini?"

"Ah, wewe ni mtoto wa mlimani," akasema kwa upole, kama babu anayemfundisha mjukuu. "Kwa wafugaji sikio ndilo jina la mwenyewe. Kila boma na mkato wake. Ndama akizaliwa anakatwa kama walivyokatwa ng'ombe wa babu. Na hayo mabaka, wanayajua kama wewe unavyozijua sura za wadogo zako. Mnadani tunasoma hapo kwanza, kabla hatujauliza bei."

Nakumbuka nilijisemea, leo nimejifunza kitu. Mungu anisamehe. Printa ilikuwa inatoa karatasi ya pili wakati huo, ile ya sikio peke yake.

Nilichukua bahasha, kama ninavyofanya kwa kila mteja, nikashika kalamu.

"Niandike jina gani, mzee?"

"Andika Doto."

Kalamu iliandika. Sijui kwa nini mkono haukusimama, ila uliandika herufi zote nne, na mimi nikiutazama. Nilipoinua uso alikuwa ananiangalia, hana hasira wala kicheko. Alichukua bahasha, akatoa zile picha mbili, akazikagua kwenye mwanga wa dirisha, akazirudisha.

"Mikato miwili na kitundu," akasema. "Boma lile mwenyewe alishakufa. Amebaki mwanamke mmoja na binti." Akavaa kofia. "Kazi yako safi sana, mwanangu. Msalimie Oswald."

Alipotoka nilibaki nimekaa. Nilikuwa nasikia mafuta ya chipsi yanachemka upande wa pili wa ukuta. Ndipo nikaruka, nikaiondoa ile video mtandaoni kwa vidole vilivyokosea nywila mara mbili, na nilipomaliza nikajiona mjinga, kwa sababu aliyetakiwa asiione alikuwa anatembea barabarani na karatasi yake.

Nilimpigia Oswald, akasema, "Dada Magda, kwa nini ulimtolea?" Nilimpigia Nasieku mara saba hapatikani. Alipopatikana ilikuwa inaelekea saa kumi na mbili. Nilimweleza yote, sikuficha hata lile la kuhesabu.

"Lakini sisi tuliangalia," akasema. "Kwenye ile uliyonitumia ng'ombe alikuwa kama doa. Niliona weusi na weupe, basi. Tungemwona, dada, mama angekwambia hapohapo."

"Najua. Ile niliibana kwa ajili ya bando lenu."

Akaanza kulia. Nikamsikia mama yake anauliza kitu kwa lugha yao, na yeye anamjibu. Simu ikakatika.

Kesho yake saa tatu asubuhi walikuwa mlangoni kwangu, wote wawili. Sikujua niseme shikamoo kwa uso gani, lakini nilisema, na Seleina akaitikia marahaba sawasawa na siku ile ya kwanza. Oswald naye alifika kwa pikipiki ya kukodi kutoka Kilosa, shati halijachomekewa.

"Nionyeshe," Seleina akasema. "Kwenye hiyo kubwa."

Nikamwonyesha. Alijitazama ukungu, akasikiliza sauti ya mwanamume mwenye mafua inayosema maneno yake. Kisha akaacha kujitazama, akamtazama ng'ombe wake.

"Kumbe alikuwa anaonekana hivi," akasema mwishowe.

"Mama, nimekosa. Nilimtolea karatasi kwa mikono yangu. Nilikuwa nafurahia kusifiwa."

"Nimesikia. Vijana wawili wa pikipiki wamepita kwangu alfajiri hii. Wamesimama kwenye uzio, wakamwangalia ng'ombe, wakaangalia karatasi, wakaondoka. Hawakunisalimia."

Nasieku alimshika mama yake mkono. "Twende Handeni kwa mjomba. Leo. Kutoka hapahapa."

"Na ng'ombe?"

"Waache!"

"Nikiwaacha nitaishi kwa nini? Na nikiondoka nao, kila atakayekutana nasi njiani atajua ni sisi. Umesikia mwenyewe wanavyotusoma."

Oswald akasema tutafute ulinzi, tuwaombe polisi. Alikuwa ameshawapigia, walisema watamtuma mtu bomani kwake, lakini kutoka kituoni mpaka kule ni mbali na gari lilikuwa kwenye kazi nyingine. Seleina alimsikiliza kwa heshima mpaka akamaliza. Halafu akanigeukia mimi.

"Huo moshi ulioniwekea usoni unatoka?"

"Ukungu? Unatoka, mama. Lakini..."

"Utoe. Sauti irudishe yangu. Jina la Doto lirudishe. Mwanzoni andika mimi ni nani na nakaa wapi."

"Mama, ukifanya hivyo hutakuwa na pa kujificha kabisa."

"Sasa hivi ninapo wapi?" Alisema bila kupandisha sauti. "Alichokijua Damiano kilijulikana na Oswald na Doto tu. Akafa, wakasema ameteleza, na nani angeuliza? Watu hawakujua kwamba alikuwa na la kusema. Mimi sitaki kuteleza. Watu wanione kwanza, wengi, wajue nimesema nini na nimemsema nani. Halafu huyo anayetaka kuja, aje."

Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa, na niliona haya. Lakini alikuwa amesema kweli na sote tulijua. Nikakaa kwenye kompyuta.

Kuutoa ukungu ni kazi ya dakika mbili. Uso wake ukatokea, na zile shanga, na mikono yenye bangili. Nikairudisha sauti. Nilipoanza kuliminya faili Oswald aliniuliza kama haiwezekani kuruka ile njia ndefu, nami nikamwambia hapana, hii ndiyo isiyotakiwa kuwa mbovu. Safari hii data ilikuwa na pa kwenda. Ilikwenda kwenye macho yake na makunyanzi ya pembeni ya mdomo. Ng'ombe nyuma akalainika kidogo, akawa ng'ombe.

Ilipofika saa saba na nusu Seleina alisimama.

"Basi la Kilosa linaondoka saa nane," akasema. "Ndama amefungwa tangu asubuhi. Yule jike akichelewa kukamuliwa anaumwa."

"Usiende, mama," nikamwambia. "Kaa hapa mpaka video ifunguke. Mpaka kesho. Ninakuomba."

"Nikilala huku watasema nimekimbia. Wakisema nimekimbia, watasema nimedanganya." Akamwekea Nasieku mkono kichwani. "Huyu abaki kwako."

Nasieku alibisha, alilia, alimshika vazi. Mama yake alimwambia maneno machache kwa lugha yao, akamwachia. Oswald alisema atapanda naye mpaka kwake, na akafanya hivyo, na nilimheshimu kwa hilo. Nilisimama mlangoni nikawaangalia wanavuka barabara kati ya malori mawili, mrefu na mfupi, na basi likawachukua.

Faili lilimaliza saa nane na robo. Kulipandisha mtandaoni kulichukua mpaka saa kumi kasoro, kwa mtandao wetu wa Mikumi. Kwa desturi yangu huwa siifungui video papo hapo. Mtandao wenyewe ukipokea faili zito hutoa kwanza toleo baya, la kuanzia, halafu unaendelea kuyapika matoleo safi taratibu, na unaweza kungoja saa nyingi. Mimi hungoja. Siku zote hungoja, kwa sababu sitaki mtu aione kazi yangu ikiwa chafu. Siku hiyo sikungoja. Niliifungua hapohapo, nikaituma kwa kila namba niliyokuwa nayo, mabibi harusi wote, kwaya ya parokia, mafundi, walimu, na Nasieku akaituma kwa wenzake wote wa chuo, na Oswald, kutoka ndani ya basi, kwa waandishi wake.

Tukakaa mbele ya skrini, mimi na Nasieku, tunabonyeza kuangalia idadi. Wanne. Wanne. Kumi na mmoja.

"Basi litakuwa limefika wapi?" akauliza.

"Karibu na Zombo." Nilijaribu kumpigia Oswald. Ile sehemu haina mtandao, nilijua, lakini nilipiga.

Kumi na tisa. Nikafungua video nione wao wanaona nini. Ilikuwa bado ile ya kwanza, chafu kuliko kitu chochote kilichowahi kutoka kwenye studio yangu. Seleina alikuwa vipande vya mraba vya kahawia, na weupe kidogo shingoni. Hakuwa na macho. Sauti ilikuwa yake na jina lake lilikuwa limeandikwa, lakini herufi zilikuwa zimevimba hazisomeki. Nikabonyeza pale pa kuchagua ubora, nikakuta mstari mmoja tu.

"Inasafishika lini?" Nasieku akauliza.

"Sijui. Saa moja. Saa mbili. Inaweza kuwa kesho."

Ishirini na watatu. Saa ya ukutani ilisema kumi na dakika ishirini, saa ya Seleina na Oswald kushuka njia panda na kutembea kuelekea nyumbani. Watu ishirini na watatu walikuwa wanamtazama mama yake Nasieku, na hakuna hata mmoja ambaye angemtambua akikutana naye njiani. Mwenye picha safi alikuwa Doto peke yake.